Bonasi ya mahudhurio ilivyofika chumbani kwangu Mbagala

Kaka, umeuliza kama kazi ya mkeo inaweza kuwa ndiyo inayomuumiza mtoto. Umesema tangu mama arudi kiwandani, mtoto wa miezi mitatu ameanzishiwa uji na kila baada ya wiki mbili mko zahanati, anaharisha. Walionitangulia wamemlaumu binti wa kazi na maji ya kisima. Maji chemsheni, hilo nakubali. Lakini nimefunga biskuti kiwandani miaka tisa, na nakuomba uyasome masharti ya kazi ya mkeo kabla hujamfukuza binti wa watu.

Mwanangu wa pili nilimzaa Septemba 2023. Likizo ya uzazi ni siku 84, ukizaa mapacha siku 100, kwa hiyo Desemba nikarudi. Kliniki wanakwambia miezi 6 ni ziwa tu, kwa sababu uji huingia na vijidudu vya kikombe, kijiko na maji, na tumbo la kichanga halivihimili. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu.

Shifti yangu ilianza saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Nyumbani natoka saa 11 alfajiri mtoto kalala, narudi saa 1 usiku. Masaa 14. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa mama hadi masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, na kwetu hakuna aliyetunyima. Ruksa, nenda ukanyonyeshe. Uende wapi? Mtoto yuko Mbagala, wewe uko Barabara ya Nyerere, na foleni ile unaijua. Nikawa nakamua maziwa chooni na kuyamwaga humo humo, maana friji hakuna, na nesi alishaniambia bila friji yasizidi masaa 4. Wiki ya tatu maziwa yakaanza kupungua. Mama mkwe akakoroga uji. Sikumlaumu, mtoto alikuwa analia njaa.

Kilichotuumiza zaidi kilikuwa bonasi ya mahudhurio. Elfu 40 kwa mwezi ukitimiza siku zote, ukikosa moja imeondoka yote. Ukileta ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika, mshahara hauguswi, kwani sheria inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ila bonasi hupati. Kodi ya chumba changu ilikuwa elfu 50. Kwa hesabu hiyo nani atalala nyumbani na homa?

Januari 2024 macho mekundu yakaenea Dar, mnakumbuka. Mwenzangu wa kushoto alikuja yamevimba, anayafuta kwa kanga huku anapanga pakiti. Supavaiza alimwona akanyamaza, naye bonasi yake ilitegemea idadi ya waliofika. Baada ya siku kumi, kati ya watu 22 wa laini yetu, 17 tulikuwa tunatokwa matongotongo. Mimi nikayapeleka nyumbani. Mwanangu wa miezi minne akaamka kope zimegandana, akafuata mkubwa wake, halafu mama mkwe. Majirani wakaleta chai ya rangi, wengine wakasema nimkamulie maziwa machoni. Daktari akakataza vyote, akasema ni maji safi, kunawa mikono, kila mtu na taulo lake. Tulikuwa watu watano chumba kimoja na taulo mbili.

Katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi hakwenda kwa meneja kulalamika. Aliomba daftari la mahudhurio la laini yetu na la ghala. Watu wa ghala, ambao hawakuwa kwenye mpango wa bonasi na waliokuwa wakiumwa wanarudi nyumbani, walikuwa 14 na waliougua ni watatu. Akayaweka madaftari mawili mezani, sisi akina mama tumekaa nyuma yake. Machi ikatoka barua: ED haikati bonasi tena, na mwenye mtoto chini ya mwaka anachukua masaa yake 2 kwa pamoja mwisho wa shifti. Nikawa natoka saa 9. Maziwa yalirudi, si yote, na mtoto akaacha kuharisha.

Kwa hiyo mkeo aandike barua kuomba masaa hayo kwa mpangilio unaolingana na umbali wa nyumbani, abaki na nakala yenye muhuri. Na wewe kaka, kifungu cha 34 kinakupa siku 4 zenye malipo mtoto akiumwa. Umezitumia? Mkeo asiwe peke yake wa kukosa kazi kila zahanati inapoita.

Barua yetu haikuwagusa deiwaka, vibarua wanaolipwa kwa siku. Dada aliyekuwa akifanya kazi kulia kwangu alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Saa 9 mimi navua aproni, yeye anabaki hadi saa 11 na gauni limelowa kifuani, na siku asiyokuja halipwi. Suala lao tumelipeleka mara mbili, bado halijajibiwa. Niambie kwanza mkeo ana mkataba au ni deiwaka, maana barua ya kuandika si moja.