Timu ya mashindano ya ndege pwani: ahadi, maji na saa

Kabla ya kutafuta darubini, fungueni daftari la ahadi za michango. Mtindo wa mashindano haya ya kuhesabu ndege ili kuchangisha pesa za kuwalinda ni ule uliotumiwa na World Series of Birding huko New Jersey, Marekani, tangu 1984: timu inapewa saa 24, kila aina ya ndege mliyoiona au kuisikia ni alama moja, na mfadhili hutoa kiasi fulani kwa kila alama. Hapo kwenye "kila alama" ndipo pesa hupotea. Mtu asiyejua ndege huahidi shilingi 100 kwa aina akidhani mtarudi na 30. Mkirudi na 150 deni lake ni 15,000, na simu inaanza kutopokewa. Mwambieni mapema makadirio yenu na mumwandikie kikomo: "shilingi 100 kwa aina, isizidi 10,000." Wasiopenda hesabu watoe kiasi kamili kabla ya siku yenyewe. Mafuta, ada za kuingia na posho ya mwongozaji mtafutieni mfadhili wake, maana mchangiaji akisikia pesa ya msitu imeishia kwenye petroli, mwakani hamtampata.

Eneo zuri kwetu pwani ya Kenya ni msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida, kwenye barabara ya Mombasa–Malindi, na mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo mwa Malindi. Chagueni Oktoba. Kufikia Mei ndege wengi wa kuhama wa ufukweni wameshaondoka, akiwemo yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayekwenda kuzaliana upande wa Oman na Ghuba.

Ratiba ya siku hupangwa na maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, bahari hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Ukifika Mida saa nne utakuta tope tupu, na ndege ni vidoa vya mbali ambavyo hata darubini ya miguu mitatu haivitambui. Fikeni saa saba, maji yakirudi. Yatawasukuma chekeamwezi, ndege wa kutembea topeni, hadi karibu na mikoko, na mtapata saa mbili nzuri. Wakati wa maji mafu, bahari inapopwa na kujaa kidogo tu, saa hizi hugeuka, kwa hiyo angalieni jedwali la maji kabla hamjatangaza tarehe.

Asubuhi yote basi ni ya msitu. Bundi mdogo wa Sokoke hukaa upande wa udongo mwekundu, mbali na barabara kuu, na anahitaji giza. Kuingia usiku kunataka kibali na mwongozaji wa hapo hapo, maana kuna ndovu. Msimchezee sauti ya kurekodi. Huacha kuwinda ili ajibu, na timu inayochangisha pesa za kumlinda huku ikimsumbua haina la kusema. Saa nne ndege wa msituni hunyamaza, ondokeni. Sabaki iwe ya mwisho, saa kumi na moja jioni, shakwe na buabua wakikusanyika.

Watu wanne wanatosha, na dereva asihesabu. Kanuni inayotumika kwingi ni kwamba asilimia 95 ya aina zote lazima zitambuliwe na kila mwanatimu, hivyo msitawanyike. Mmoja aandike papo hapo, kwenye eBird, programu ya simu ya kurekodi ndege, au karatasi. Orodha ya kukumbukwa jioni huzaa ndege wasiokuwepo. Kubishana dakika ishirini juu ya chekeamwezi mmoja kunawagharimu aina kadhaa mbele ya safari. Mkikosa kukubaliana, mfuteni. Na msijilinganishe na wale watatu waliofikisha aina 342 hapa Kenya kwa siku moja, Novemba 1986. Hao hawakubaki pwani tu.

Tajeni pesa inakwenda wapi, kwa jina. "Kulinda mazingira" haimfungui mtu mfuko. Msitu wa Dakatcha, kaskazini mwa Sabaki, ndiko ilikogunduliwa mwaka 2013 kwamba ndege aitwaye kwera wa Clarke anazaliana, na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya hununua ardhi huko ili miti isigeuzwe makaa. Hilo mfadhili analielewa.

Matokeo yatumwe usiku uleule, kila mfadhili na hesabu yake na namba ya malipo. Mkumbusheni baada ya wiki moja, kisha ya pili. Ahadi iliyopita mwezi, ihesabuni imekufa.