Gluteni haikwangui utumbo, ni kinga yake mwenyewe

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, ndiyo inayoukwangua utumbo wa mwanao mwenye siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni. Hapana, wanaoharibu ni askari wa mwili wake mwenyewe, yaani seli za kinga.

Gluteni ya ngano haimeng'enywi ikaisha. Vipande vinavyobaki hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, kimeng'enya kiitwacho transglutaminesi huvibadilisha kidogo, kisha vinanasa barabara kwenye molekuli za HLA-DQ2 au DQ8, zinazovionyesha kwa seli za kinga, ambazo karibu kila mgonjwa amezirithi. Seli T saidizi, seli za kinga zinazoamrisha wenzake, zikiviona humwaga intaferoni gama, kemikali ya kuchochea kinga, na vita vinaanza.

Lakini wauaji hasa ni seli T nyingine, zilizojibanza katikati ya seli za ukuta. Seli za ukuta zikielemewa hutoa intalukini-15, kemikali ya kuwachochea wauaji hao, na kuonyesha alama za dhiki. Wauaji wakizisoma huitoboa seli ya ukuta kwa protini iitwayo peforini, huingiza vimeng'enya vya kuua viitwavyo granzaimu, nayo inakufa. Vile vijidole vidogo vya kufyonza chakula husinyaa hadi ukuta unakuwa bapa. Ndiyo maana mtoto anakula vizuri na bado anakonda!

Kwa hiyo hata kipande cha chapati ya sikukuu kinawaamsha askari hao, shayiri vilevile. Ugali wa mahindi, wali na muhogo havina gluteni. Angalia tu unga usisagwe kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.