Muulize Mjomba: Visu vya kukunja vya safarini

Wiki hii barua nyingi zimekuja za jambo moja, sijui ni msimu wa safari au nini, maana karibu kila mtu anauliza habari za visu vya kukunja vya kununua nje ya nchi. Nimechagua nne.

*Shikamoo mjomba. Mi ni kijana wa Makorora, nimepata safari ya kikazi Ufaransa alafu narudi kupitia London kumsalimia dada angu. Nataka nirudi na kisu cha kukunja cha asili cha kule kama kumbukumbu, jamaa kaniambia nichukue Laguiole kile chenye nyuki mgongoni, ila mwingine kasema ni feki zote. Nishike lipi? Na uwanja wa ndege hawatanisumbua?*

Marahaba mwanangu. Hao jamaa zako wote wawili wako sawa nusu nusu. Laguiole ni kijiji kweli, kipo kwenye nyanda za Aubrac kusini mwa Ufaransa, na kisu chake kilianza karne ya 19 kwa wachunga ng'ombe. Shida ni kwamba kwa miaka mingi jina halikulindwa, kwahiyo yeyote duniani aliweza kugonga neno Laguiole kwenye bapa na akauza, na waliofanya hivyo ni wengi, vingi vinatoka China na Pakistan. Ni kama machungwa ya Muheza, ukifika Dar kila mwenye toroli anakuapia yake ni ya Muheza. Wanakijiji wenyewe iliwauma mpaka mwaka 2012 waling'oa kibao cha jina la kijiji chao barabarani, baada ya kushindwa kesi na mfanyabiashara aliyesajili jina hilo kwa bidhaa zake chungu nzima.

Sasa huyo nyuki asikudanganye, hata feki anaye, tena wakati mwingine mkubwa kuliko wa kweli. Wewe angalia jina la karakana, sio jina la kijiji. Kikiwa kimeandikwa Laguiole peke yake bila jina la aliyekitengeneza, rudisha mezani. Ukiona Forge de Laguiole au Laguiole en Aubrac hapo unaongea na watu wenye anwani, hao Forge kiwanda chao kina bapa la kisu limechomoza juu ya paa, mita 18, huwezi kupotea. Lakini jiandae, cha kweli kinaanzia euro mia na kitu huko, na kile cha euro kumi na tano pale kwenye vibanda vya watalii Paris we kiache tu.

Na usidharau cha Thiers. Huo ndio mji wa visu wa Ufaransa tangu enzi na enzi, na Laguiole nyingi nzuri tu zimezaliwa hapo hapo Thiers. Zamani mawe ya kunolea yalizungushwa na maji ya mto Durolle, na wanoaji walikuwa wanalala kifudifudi juu ya ubao, uso karibu na jiwe, siku nzima kwenye unyevu na baridi, wengine wakimlaza mbwa juu ya miguu ili wapate joto. Mi nikishika kisu cha Thiers huwa namfikiria yule mbwa kwanza.

Ila kama unataka ushauri wangu wa ndani kabisa, nunua Opinel. Hiki ndio kisu ambacho Mfaransa mwenyewe anacho mfukoni, mkulima, fundi, bibi anayeokota uyoga, wote. Alikianzisha Joseph Opinel huko Savoie milimani mwaka 1890, mpini wa mbao, bapa moja, basi. Mwaka 1955 wakaongeza ile pete ya kuzungusha inayofunga bapa lisikurudie vidoleni. Bei yake haifikii hata robo ya Laguiole ya kweli, unakipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi au sokoni, na hapo ndipo pa kununua, pale wanaponunua wenye kazi zao. Mimi kisu cha ukumbusho ambacho wenyeji hawakitumii sikihesabu kama ukumbusho, nakiona pambo tu la kuuzia wageni.

Lakini subiri, London. Uingereza sheria yao iko wazi: kisu cha kukunja unachoruhusiwa kutembea nacho bila kuulizwa sababu ni kile kisichojifunga, na makali yake yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Opinel namba 8 ambayo ndio kila mtu ananunua ina bapa la sentimita 8 na nusu na ina pete ya kufunga, imefeli mara mbili hapo. Pete inaanzia namba 6 kwenda juu, kwahiyo ukitaka amani chukua namba 5, ndogo na haina pete. Au chukua hiyo 8 yako lakini ikae ndani ya begi kubwa imefungwa, ukifika kwa dada ibaki humo humo mpaka siku ya kuondoka. Sio uende nayo mjini kumenyea tufaha kwenye basi, polisi wa kule hawana utani na mambo ya visu na ukiwaambia ni kumbukumbu hawatakuelewa.

Ndege nayo ni hivyo hivyo, begi la kwenda chini tu. Ulaya wanaruhusu kisu chenye bapa lisilozidi sentimita 6 kuingia nacho ndani ya ndege lakini we una kubadilisha ndege njiani, na huko njiani wana sheria yao, watakichukua na hurudishiwi. Alafu ukikutana na vile visu vya kale kwenye masoko ya mitumba, mpini mweupe mzuri, muuzaji anakunong'oneza ni pembe ya ndovu, achana navyo kabisa. Biashara ya pembe za ndovu kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na ukishuka nayo Dar wewe una nyara za serikali mkononi, hiyo kesi kaka sio ya mchezo. Mpini wa pembe ya ng'ombe hauna neno.

*Mjomba habari za kazi, mi mama wa Chumbageni, mume wangu baharia, kila bandari anarudi na kisu. Ana kile cha Ufaransa cha mbao, ana kimoja cha Japani cha bati la njano, na vingine. Vimejaa kwenye boksi na vyote vimeanza kutu, nimevipaka mafuta ya nazi sasa vinanuka, na hicho cha mbao hakifunguki kabisa. Akirudi ataniua.*

Hakuui mama, mwenyewe kavileta Tanga, si anajua hewa yetu ilivyo, chumvi na unyevu mwaka mzima. Vile vya kienyeji vingi ni chuma cha kaboni, sio stenlesi, vinanoleka vizuri sana lakini ukivisahau siku mbili karibu na bahari vinapata kutu. Angalia kwanza rangi: kama ni kijivu au bluu bluu iliyotulia hiyo sio kutu, imetokana na kukata vitunguu na malimau, iache, inalinda chuma na wenye visu wanaipenda. Kutu ni ile nyekundu ya unga. Hiyo isugue na stilwaya laini na tone la mafuta, taratibu, usitumie msasa maana utafuta maandishi ya karakana na hapo kweli ndio atanuna.

Mafuta ya nazi achia nywele na samaki. Yanachacha, yananata kwenye bawaba alafu vumbi linakamatia humo. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja kwenye bawaba na kitambaa chenye mafuta kwenye bapa, na vile ambavyo havitaguswa miezi mingi vipake mafuta mgando kidogo. Usivihifadhi ndani ya ala za ngozi, ngozi inashika unyevu na kuubakiza hapo hapo kwenye chuma, visu vikae nje ya ala ndani ya boksi kavu, na tupia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Hicho cha mbao kisichofunguka nina hakika ni Opinel, mbao imevimba imelibana bapa. Usichukue koleo. Zungusha pete mpaka mwanya ukae sawa na bapa, alafu shika mpini na ugonge kitako chake kwenye ukingo wa meza, bapa litachomoza lenyewe kiasi cha kulishika, Wafaransa wana jina kabisa la hicho kipigo, pigo la Msavoie. Kikifunguka kiache wazi ndani ya nyumba kikauke, kisianikwe juani mbao itapasuka, alafu pitisha mshumaa kwenye ule mfereji wa mpini bapa linapolala.

Cha Japani kitunze kwa heshima. Kinaitwa higonokami, kinatoka mji wa Miki, hakina springi wala kifungio, kuna kamkia kadogo nyuma ya bapa unakabana na dole gumba ndio kinatulia. Zamani kila mtoto wa shule kule alikuwa nacho cha kuchongea penseli, miaka ya 1960 ikaja kampeni ya watoto wasiguse visu na mafundi wengi wakafunga kazi. Kama kimeandikwa Nagao Kanekoma, jina la karakana ya huko, basi mzee wako anajua kuchagua.

*Asalaam aleikum. Niko Pangani. Babu yetu kaacha kisu cha kukunja kirefu, mpini wa mbao una mwezi na nyota za madini, nyuma kuna kipete. Kijana mmoja anataka kununua elfu tano. Nimpe?*

Waaleikum salaam. Usimpe kwanza. Hicho ni Okapi, na kina historia na pwani yetu hii. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, maalumu kwa kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika, na wakati huo Tanga ilikuwa bandari yao, reli ya Usambara inaendelea kujengwa. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Kwahiyo chukua tochi usome bapa: ukiona Germany au Solingen, hicho ni cha zamani, kaa nacho. Ukiona South Africa ni cha juzi, elfu tano ipokee ukitaka. Na usikisugue kwanza, hata kama kichafu.

*Mjomba ni kweli kumpa rafiki kisu zawadi ni mkosi? Nimeletewa kutoka Italia naogopa kukipokea. – Msomaji wa Duga*

Ulaya wengi wanaamini kinakata urafiki, ndio maana ukipewa unatoa sarafu ndogo papo hapo, inakuwa umekinunua. Mpe shilingi mia akiringa mwambie nimekutuma mimi.