Jibu: Collins Injera ni nani hasa?

Mkuu, umeuliza kama kweli Mkenya aliwahi kuongoza dunia kwa kufunga trai kwenye raga (trai ni kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani), au ni majigambo ya jirani zetu. Ni kweli tupu.

Injera alicheza raga ya wachezaji saba kila upande. Mwaka 2016 ndio ulikuwa wake. Aprili, Kenya iliifumua Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, taji la kwanza la Kenya kwenye mzunguko wa dunia, yaani msururu wa mashindano yanayochezwa nchi mbalimbali. Fiji, vigogo wa raga hii, mkuu! Mwezi uliofuata, London, akavunja rekodi ya Muargentina Santiago Gómez Cora ya trai 230. Baadaye Dan Norton wa Uingereza alimpita. Mwaka huohuo wa 2016 alicheza Olimpiki ya Rio, akiwa na kaka yake, Humphrey Kayange. Injera alistaafu 2022.

Kilichonivutia kwake si mbio tu, ni kule kukaa pembeni kimya akisubiri mpira umfikie, halafu beki anashtuka keshapitwa.

Hapa Dar raga ipo, usidhani hakuna. Pita klabu ya Gymkhana jioni uulizie, ila jiandae kuangushwa.