Maswali Yenu: Hizi Video za Mashine za Vituko Zafunza Kiingereza Kweli?

SWALI: Salam aleikum mwalimu. Mimi nafanya usafi wa vyumba hoteli moja huku Nyali, Kiingereza nilisoma mpaka fomu foo na mtihani nilipita vizuri, lakini juzi mgeni kaniambia sinki imeziba anataka "plunger" nikabaki namkodolea macho mpaka mwenzangu akaja kuniokoa. Mdogo wangu apenda zile video za watu wanaounda mashine za ajabu, sijui kofia ya kukupigia mswaki, sijui mashine ya kugeuza kurasa za gazeti, jioni natazama naye tunacheka mpaka mbavu zauma. Yeye ashikilia eti hapo najifunza Kiingereza. Ni kweli ama namaliza bando bure? – Dada wa Vyumba, Nyali

JIBU: Wa aleikum salam dadangu. Mdogo wako ana haki, ila sio kwa kutazama hivo mnavotazama.

Kwanza usijione huna Kiingereza. Unacho, ni kwamba kile tulichopewa shule ni cha insha na mtihani, mtu aweza kukuandikia kurasa mbili za mmomonyoko wa udongo halafu hajui kile kipira chenye mpini cha kuzibulia sinki chaitwaje, na kazini hicho kipira ndio mgeni anataka saa hii. Majina ya vitu vya jikoni na bafuni, na vitendo vyake, kumwagika, kuvuja, kukwama, kuinama, kubingirika, hayo hakuna mtu alitukalisha chini akatufunza, na mimi naona ni hasara kubwa sana kwa mji kama huu wetu wa Mombasa, watu wengi wanapata riziki kwa wageni.

Sasa hizo mashine za vituko zimeundwa kwa vitu hivo hivo. Kamba, ndoo, kijiko, springi, gundi, faneli. Halafu ile raha yake yote ni kufanya kazi ndogo kwa njia ndefu, kitu kimoja chagonga kingine nacho chaangusha kingine, kwa hivyo macho yako yanapata tendo moja moja kwa mpangilio, huwezi kupotea hata kama hujaelewa neno. Mzee wa mambo haya ni Rube Goldberg, Mmarekani aliyezaliwa 1883 akafa 1970, alisomea uinjinia akaacha akawa mchoraji katuni. Kuna katuni yake ya 1931 ya mashine ya kufuta mdomo mtu akiwa anakunywa supu: anainua kijiko, kijiko chavuta kamba, kamba yarusha upawa, upawa watupa biskuti, kasuku aruka kuifuata, kijiti alichosimamia chainama, mbegu zamwagika kwenye ndoo, ndoo kwa uzito yavuta kamba nyingine inayowasha laita, laita yawasha fataki, fataki yafanya mundu ukate kamba, na kitambaa kinaanza kubembea kikipangusa kidevu. Hebu jaribu kuisema hio yote kwa Kiingereza kwa sauti. Lift, pull, throw, jump, tilt, spill, light, cut, swing, wipe. Hapo mtu akizishika zote ana vitendo vya kumtosha zamu nzima ya hotelini.

Kuhusu nani wa kutazama. Ile ya gazeti najua ni ya Joseph Herscher wa New Zealand, "The Page Turner" ya 2012, na video zake nyingi huwa hazina maneno mengi. Watu hudhani video bila maneno haifunzi lugha, mimi naona ndio bora kwa kuzungumza kwa sababu msemaji unakuwa wewe. Ile ya mswaki ni ya Simone Giertz wa Sweden, aliiunda 2015, kofia ina mkono wa roboti umeshika mswaki na dawa ya meno yampaka uso mzima. Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa na bado azungumza wazi na haraka bila woga, hilo peke yake litakupa moyo, ila ulimi wake mara nyengine una maneno makali basi hayo yaache pale pale usiyapeleke kwa wageni. Na Colin Furze, Muingereza aliyekuwa fundi bomba, huyo ni wa vyuma na vifaa vya gereji, aongea mbio sana, mwache mpaka uzoee.

Sasa vile utafanya. Zima sauti kwanza utazame kipande kidogo tu, kila kitu unachokiona kitaje kwa Kiingereza kwa sauti, ukikwama simamisha umuulize mdogo wako au utafute. Halafu rudia na sauti, spidi ishushe 0.75, na maandishi ya chini yawashe lakini usiyaamini sana yale yanayojiandika yenyewe, kwa majina ya vifaa hukosea hukosea. Usiandike neno pekee kwenye daftari, andika sentensi nzima, "The bucket tips over and the water spills", kwa sababu kesho kazini utahitaji "The sink is blocked, I'll bring a plunger" sio neno likining'inia peke yake. Na kesho yake, hapa ndipo watu wengi hukosea, simulia ile mashine bila kutazama. Kukumbuka kwa nguvu zako ndiko kunakokaza neno kichwani kuliko kutazama tena na tena. Bando nalo, ubora wa picha weka 240p, ndoo yaonekana tu vizuri.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa darasa la tatu hataki kitabu cha grama anataka hizo video tu. Nimkataze? – Baba Wawili, Changamwe

JIBU: Usimkataze, baba, na kitabu usikitupe. Darasa la nne masomo karibu yote yaenda kwa Kiingereza na hapo watoto wengi wa pwani hupata taabu. Mwambie aunde yake hapo sebuleni, vifuu vya nazi, domino, kopo la maziwa, halafu akueleze kwa Kiingereza nini kitaangukia nini. Akisema "it fall" mwache amalize kwanza ndio umrekebishe.

SWALI: Naendesha tuktuk Likoni. Niliona vitu vya Kijapani, vijiti vya tambi vyenye feni, sijui siagi ya kupaka kama gundi. Pana Kiingereza cha maana hapo? – Wa Feri

JIBU: Pana sana ndugu yangu. Hivo vyaitwa chindogu, aliyevianzisha ni Kenji Kawakami wa Japani, na ana masharti yake, lazima kitu kiwe kimeundwa kweli na hakiruhusiwi kuuzwa. Wewe tazama majina yake. Siagi ile ni "butter stick", viatu vya paka vya kufuta vumbi ni "duster slippers". Sisi twaanza na kitu chenyewe, viatu vya kufutia vumbi, Kiingereza chaweka kitu chenyewe nyuma na sifa yake mbele. Watu wengi hupindua hapo wakasema "charger phone". Basi anza na tuktuk yako leo, seat cover, side mirror, phone charger, rain curtain, uvitaje ukiwa kwenye foleni ya feri, hio foleni yatosha kabisa.