Acha kuuliza riba, uliza nani anamfukuza gavana wa benki kuu

Mkuu, ishia hapo hapo. Unauliza benki ipi ya Colombo, Sri Lanka, ina riba nzuri ya amana ya muda maalum, nyaraka gani zinatakiwa, kodi ya zuio ni kiasi gani, na kama Vietnam ni bora zaidi. Eti umeambiwa "sarafu imetulia". Neno hilo hilo ndilo lililonimaliza mimi.

Mwishoni mwa 2021 niliuza mawe ya vito Sri Lanka. Dalali wangu akasema usirudishe dola, ziache kwa rupia mwaka mmoja, zizae. Ofisa wa benki naye akachora mstari kwenye karatasi: ona, dola moja ni rupia 200, miezi inapita haitikisiki. Mimi ninayeshika lenzi na kukuambia jiwe hili limechomwa na hili halijachomwa, nikaangalia mstari ulionyooka kama rula na sikujiuliza nani ameunyoosha.

Aliyeunyoosha alikuwa benki kuu, iliyoing'ang'aniza rupia kwenye 200 kwa dola huku akiba ya dola ikikauka. Na ilikuwa inanunua hati fungani za serikali (karatasi za mkopo) moja kwa moja, kwa kiswahili cha mtaani inachapa noti, kwa sababu mwishoni mwa 2019 serikali ilikata kodi kwa fujo, VAT ikashuka toka asilimia 15 hadi 8, kisha pengo la bajeti likabaki linadai. Nani angesema hapana? Kwa sheria ya 1949, katibu wa Hazina alikuwa anakaa ndani ya bodi ya benki kuu, ana kura. Septemba 2021 akateuliwa gavana Ajith Nivard Cabraal, aliyekuwa waziri wa nchi siku chache tu kabla. Mkopaji na mkopeshaji wanakula sahani moja, wewe unapeleka amana yako mezani!

Januari 2022 mfumuko wa bei Colombo ulikuwa asilimia 14.2, riba ya benki kuu kukopesha mabenki asilimia 6.5, yaani pesa inaoza haraka kuliko inavyozaa. Namba hizo zilitangazwa hadharani. Sikuzisoma, nilikuwa napigia hesabu faida.

Machi wakaiachia rupia ijipangie bei. Aprili ikatangazwa kwamba serikali imesimamisha kulipa madeni ya nje, na Mei dola ilikuwa inacheza kwenye 360. Piga hesabu: rupia milioni 1 kwa 200 ni dola 5,000. Ongeza hata riba ya asilimia 10, gawanya kwa 360, unapata kama 3,055. Na hizo uzipate wapi, benki zenyewe hazina dola? Dalali akaniambia "subira, kaka". Yeye kamisheni yake alishaichukua kwa dola. Ofisa yule alihamishwa tawi, sijui kama alienda na rula yake.

Gavana mpya, Nandalal Weerasinghe, aliingia Aprili hiyo na akapandisha riba kwa pointi 7 za asilimia kwa mpigo. Angewauliza wanasiasa kwanza, hakuna ambaye angekubali. Sheria mpya ya 2023 ikamtoa katibu wa Hazina kwenye bodi na kuizuia benki kuu kununua hati za serikali moja kwa moja. Kwa hiyo Sri Lanka ya leo siyo ile ya kwangu, nakubali. Lakini wewe hukuitaja sheria hiyo hata kwa bahati mbaya, umetaja riba.

Vietnam? Gavana wa benki kuu kule anakaa ndani ya baraza la mawaziri, cheo cha waziri. Na benki za kawaida nazo zichunguze: benki ya SCB ya Saigon, sheria ilimruhusu mtu mmoja asilimia 5 ya hisa, tajiri wa majumba Truong My Lan akashika zaidi ya 90 kwa majina ya watu wengine. Mkuu wa timu ya wakaguzi wa benki kuu iliyotumwa kuichunguza akapokea dola milioni 5.2. Watu waliokwenda kuweka akiba wakauziwa hati fungani za kampuni wakidhani ni amana.

Kabla hujatuma hata senti, tafuta sheria ya benki kuu ya nchi hiyo. Soma vifungu vitatu: nani anateua gavana, kwa sababu zipi anaweza kuondolewa, na kama serikali inaruhusiwa kukopa pale moja kwa moja. Ukikuta anaondolewa kwa simu moja, baki na dola zako Arusha. Benki ipi ina matawi mengi watakuambia wadau wengine.