Vidonge vya sonona vimenisaidia, ila chumbani mambo yamegoma

SWALI: Dokta, za kazi. Mi nna miaka 38, niko Nkuhungu hapa Dodoma, nna mke na watoto wawili. Duka lilikufa nikaingia kwenye sonona, nikaandikiwa fluoxetine ya 20, huu mwezi wa nne, na kweli sasa nalala, nakula, hata mtoto akinichekesha nacheka. Shida usiku. Kuanza naanza, kumaliza hakuna, jasho linanitoka mpaka nakata tamaa, na hamu yenyewe imepungua. Wife kashaanza kuuliza kama nna mtu nje. Jamaa wa kijiweni kanipa vumbi la Kongo, ile ya kuongeza nguvu za kiume, ila mi naona bora niache vidonge tu.

JIBU: Kaka pole sana, ila nakuomba usiache. Hujaishiwa nguvu za kiume, ni dawa hiyo. Inapandisha serotonini, kemikali inayopeleka taarifa kwenye ubongo, moyo unatulia lakini kule kumaliza kunachelewa, ndo maana dawa za kundi hilohilo madaktari huwapa hata wanaume wanaomaliza haraka mno. Na usijaribu kuruka siku mbili tatu ili wikiendi mambo yaende, fluoxetine inakaa mwilini wiki kadhaa, hutaona tofauti yoyote, halafu sonona ikirudi hata hiyo hamu kidogo uliyobaki nayo itakwenda nayo.

Rudi kwa aliyekuandikia umwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi, "simalizi". Wengi wanaishia kusema "naendelea vizuri dokta" wanachukua dawa wanaondoka, inaniuma sana. Anaweza kukupunguzia dozi, au akubadilishie mirtazapini au bupropioni kama inapatikana, hizo kwa kawaida hazisumbui sana huko. Sildenafili, ile wengi wanaiita Viagra, nayo inasaidia hasa kusimama, ila akuandikie yeye, maana ukiwa unatumia dawa za moyo za naitreti presha inaweza kushuka vibaya. Akupime na sukari na presha pia.

Hilo vumbi mrudishie mwenyewe. Kilichomo hakijulikani, na dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa sildenafili kimyakimya.

Na mama watoto mwambie leo, kabla hajajipa jibu mwenyewe. Siku ya kliniki nenda naye, hata kama ni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na majirani wataongea, beba na boksi la dawa, kile kikaratasi cha ndani kimeandika hilo tatizo, mwombe nesi amsomee mkiwa mmekaa wote.